Kuona kina kabla ya kisu: Picha za 3D katika upasuaji wa ubongo na maana yake kwa mkazi wa Salale

Na Mwandishi Wetu

UPASUAJI wa ubongo hufanyika katika eneo dogo ambalo kosa la milimita chache laweza kumwacha mgonjwa bila kuona, bila kusema au bila uhai. Kwa sababu hiyo, hospitali nyingi duniani zimeanza kutumia picha za vipimo vitatu, maarufu kama 3D, ili daktari akione kina cha eneo analolifanyia kazi kabla ya kuligusa, na ili daktari anayesomea ubingwa akosee kwenye mfano kabla hajakabidhiwa mgonjwa.

Kwa mwananchi wa Kata ya Salale, katika delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti, teknolojia hiyo yaweza kuonekana kuwa jambo la mbali. Hata hivyo, mtoto anayezaliwa na tatizo la maji kichwani, mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na kijana aliyepata ajali ya bodaboda wote huishia kuhitaji picha ya kichwa na daktari anayeweza kuisoma. Makala haya yanaeleza jinsi picha hizo zinavyotengenezwa, zinavyosaidia upasuaji na mafunzo, mipaka yake, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua ili zimsaidie kwa wakati.

Kwa nini kina ni muhimu

Picha ya kawaida ina urefu na upana. Picha ya vipimo vitatu huongeza kina, yaani umbali wa kitu kimoja mbele au nyuma ya kingine. Wakazi wa delta wanaifahamu tofauti hiyo katika kazi zao za kila siku. Ramani ya karatasi humwonesha nahodha mahali mkondo unapopita katikati ya mikoko, lakini haimwambii maji yamebaki kiasi gani wakati wa kupwa. Ili asikwame kwenye fungu la mchanga, hupima kwa pondo.

Binadamu hutambua kina hasa kwa sababu ana macho mawili yanayokiona kitu kimoja kutoka pembe mbili zinazotofautiana kidogo. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kupata umbali. Anayetaka kulihakiki jambo hilo na ajaribu kutunga uzi kwenye sindano akiwa amefumba jicho moja. Mwaka 1838, mwanasayansi wa Uingereza, Charles Wheatstone, alieleza kanuni hiyo na kuunda kifaa kilicholipatia kila jicho picha yake. Miwani ya 3D inayotumika leo katika vyumba vya upasuaji hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Tatizo la daktari wa upasuaji wa ubongo ni kwamba mara nyingi hulazimika kufanya kazi kupitia tundu dogo, akitazama skrini bapa. Skrini humwonesha mshipa wa damu na neva vikiwa bega kwa bega, ilhali kimoja kiko mbele na kingine kiko nyuma. Daktari mzoefu hukijenga kina hicho akilini mwake. Kwa daktari anayeanza, uwezo huo huchukua miaka mingi kuupata.

Picha ya 3D hutengenezwaje

Msingi wa teknolojia hii ni kipimo cha CT-Scan. Mgonjwa wa kwanza kupimwa ubongo kwa mashine hiyo alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine iliundwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, aliyekuwa amekokotoa hesabu za kipimo hicho miaka kadhaa kabla.

CT-Scan hutumia mionzi ya eksirei inayozunguka kichwa na kukipiga picha kwa vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa silesi. Mashine ya MRI hutoa vipande vya namna hiyo kwa kutumia nguvu ya sumaku bila eksirei, na huonesha kwa ubora zaidi nyama laini za ubongo. Kompyuta huvipanga vipande hivyo kimoja juu ya kingine kwa mpangilio wake wa asili na kuurudisha mkate mzima. Kisha kila sehemu hupewa rangi yake: fuvu, mishipa ya damu, uvimbe na vyumba vya maji. Daktari anaweza kulificha fuvu, kukigeuza kichwa upande wowote na kuchungulia njia atakayopita hadi kwenye uvimbe.

Picha iliyokamilika huweza kuoneshwa kwa njia nne kuu. Ya kwanza ni skrini ya kawaida ambapo picha huzungushwa. Ya pili ni skrini maalumu inayotazamwa kwa miwani, hivyo kulipatia kila jicho picha yake. Ya tatu ni miwani inayofunika macho yote na kumfanya mtazamaji ajione kana kwamba amesimama ndani ya kichwa cha mgonjwa. Ya nne ni kuichapa picha kwa plastiki, ili daktari ashike mkononi mfano wa fuvu au mshipa wa mgonjwa wake.

Kwa kuwa data zote hutoka kwenye CT-Scan au MRI ile ile, hatua ya kwanza si ya gharama kubwa kama inavyodhaniwa. Kompyuta za mashine za kisasa huwa na programu ya kuunganisha vipande, na zipo programu huria kama 3D Slicer zinazopatikana bila malipo kwa ajili ya utafiti na mafunzo. Gharama hupanda pale hospitali inapohitaji darubini za upasuaji za 3D, au mfumo wa uongozaji unaoonesha kwenye picha mahali hasa ilipo ncha ya kifaa cha daktari, mithili ya simu inavyomwonesha dereva alipo barabarani.

Maji kichwani: somo kutoka Mbale

Mfano ulio karibu na jamii za Afrika Mashariki ni tiba ya watoto wenye tatizo la maji kichwani, ambalo wengi hulifahamu kama kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo vimo vyumba vinavyotengeneza na kupitisha maji. Njia ya maji ikiziba, maji hujaa, kichwa cha mtoto hutanuka na ubongo hukandamizwa.

Tiba iliyozoeleka ni kuweka mpira mwembamba, uitwao shanti, unaoyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni ambako mwili huyafyonza. Mpira huo huokoa maisha, lakini unaweza kuziba au kupata maambukizi wakati wowote, hata miaka mingi baada ya upasuaji. Hilo likitokea, mtoto huhitaji kufika haraka kwa daktari bingwa. Kwa familia inayoishi kijiji kinachofikiwa kwa boti, katika majira ya masika, sharti hilo ni zito.

Daktari Benjamin Warf kutoka Marekani alikumbana na hali kama hiyo mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001. Alianza kuunganisha njia mbili za upasuaji zisizohitaji mpira. Kamera nyembamba iitwayo endoskopi huingizwa kupitia utosi hadi kwenye vyumba vya maji. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, kisha huunguza sehemu ya utando unaotengeneza maji hayo. Katika taarifa ya kitabibu ya mwaka 2005 iliyohusu watoto 550, kutoboa tundu pekee kulifanikiwa kwa asilimia 47 ya watoto wa chini ya mwaka mmoja, na kuunganisha njia zote mbili kulifanikiwa kwa asilimia 66.

Utafiti mwingine uliofanyika hospitalini hapo na kuchapishwa mwaka 2017, uliowahusisha watoto wachanga 100, uliilinganisha njia hiyo na mpira. Baada ya miezi 12, haukuona tofauti kubwa katika maendeleo ya akili ya makundi hayo mawili. Kwa maneno mengine, katika kipindi hicho watoto waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuonekana kuachwa nyuma sana kiakili na wenzao waliowekewa mpira.

Hapa ndipo suala la kina linapodhihirika. Chini kabisa ya sakafu ile inayotobolewa hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha shina la ubongo. Endoskopi ya kawaida humwonesha daktari picha bapa ya sakafu nyembamba, na mshipa ukidunda upande wa pili. Anayeikosea kina hata kidogo huweza kuupasua. Picha za 3D zilizotayarishwa kabla ya upasuaji humwonesha daktari unene wa sakafu na mahali mshipa ulipo kwa mtoto huyo mahususi, kwa kuwa maumbile hutofautiana baina ya mtoto na mtoto.

Kukosea kwenye mfano

Kwa karne nyingi, daktari wa upasuaji amejifunza kwa kumtazama mwalimu, kusaidia, kisha kufanya mwenyewe akiwa chini ya uangalizi. Utaratibu huo ungali msingi wa mafunzo. Udhaifu wake ni kwamba makosa ya kwanza ya mwanafunzi humpata mgonjwa halisi, na dharura zisizotokea mara kwa mara, kama mshipa kupasuka ghafla, huweza kumkuta daktari ambaye hajawahi kuishuhudia hata moja.

Mifano ya 3D hujaza pengo hilo. Mwaka 2017, madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Boston, Marekani, walichapisha taarifa ya kichwa cha mfano kilichotengenezwa kwa kushirikiana na wataalamu wa kuunda vionjo vya filamu. Kichwa hicho kilitokana na picha za kitabibu, kilichapwa kwa mashine ya 3D na kuwekewa maji pamoja na mshipa unaodunda. Daktari anayejifunza huingiza endoskopi, hutafuta njia na kutoboa sakafu kama afanyavyo kwa mtoto. Akikosea, hurudia.

Umuhimu wa mafunzo ya namna hiyo ni mkubwa zaidi katika nchi zenye mabingwa wachache. Mwaka 2006, Daktari Dilan Ellegala kutoka Marekani alipofika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mabingwa wa upasuaji wa ubongo nchini Tanzania walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alimfundisha upasuaji wa msingi wa ubongo daktari msaidizi Emmanuel Mayegga, ambaye aliendelea kuutoa baada ya mwalimu wake kuondoka. Tukio hilo liliibua mjadala miongoni mwa madaktari kuhusu nani afundishwe na kwa kiwango gani, lakini lilithibitisha kwamba ujuzi unaobaki hospitalini una manufaa ya kudumu kuliko ziara ya mgeni.

Tangu mwaka 2008, Daktari Roger Härtl wa Chuo cha Tiba cha Weill Cornell, New York, na wenzake wamekuwa wakishirikiana na madaktari wa Tanzania, na kwa miaka mingi kozi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo imefanyika jijini Dar es Salaam kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI). Aidha, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), chenye makao yake jijini Arusha, huwatahini madaktari wa ukanda huu wanaosomea ubingwa huo.

Uwezo na mipaka yake

Afrika ilishuhudia mapema manufaa ya kufanya mazoezi katika picha za 3D. Desemba 1997, pacha Joseph na Luka Banda kutoka Zambia, walioungana vichwa, walitenganishwa nchini Afrika Kusini na jopo lililoongozwa na Daktari Ben Carson wa Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Kabla ya upasuaji huo uliodumu saa 28, Carson alifanya mazoezi kwenye kompyuta iliyomwonesha mishipa ya pacha hao kwa vipimo vitatu. Watoto wote wawili walinusurika.

Miaka sita baadaye, Julai 2003, pacha Ladan na Laleh Bijani wa Iran, wenye umri wa miaka 29, walifanyiwa upasuaji kama huo katika Hospitali ya Raffles nchini Singapore. Upasuaji huo pia uliandaliwa kwa picha za 3D, na Carson alikuwamo katika jopo. Pacha wote wawili walifariki dunia baada ya kupoteza damu nyingi. Picha iliwaonesha madaktari mahali mishipa ilipopita. Haikuweza kuwaeleza jinsi damu ya watu wazima wawili, walioishi pamoja kwa karibu miongo mitatu, ingebadili mwelekeo pindi mishipa hiyo ikikatwa.

Mpaka mwingine ni wa kimaumbile. Fuvu linapofunguliwa na maji kutoka, ubongo husogea. Picha iliyopigwa jana hailingani tena kikamilifu na ubongo ulio mbele ya daktari leo, na mfumo wa uongozaji unaotegemea picha hiyo huweza kuonesha mahali pasipo sahihi. Kwa hiyo teknolojia hii humsaidia daktari mwenye ujuzi, na haiwezi kuziba nafasi ya ujuzi usiokuwapo. Vilevile haiwezi kuurudisha muda uliopotea kabla mgonjwa hajafika hospitalini.

Hali ilivyo nchini

MOI, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996, ndiyo kituo kikuu cha Serikali cha upasuaji wa mifupa, ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Taasisi hiyo ina mashine za CT-Scan na MRI, pamoja na maabara ya Angio Suite inayowawezesha madaktari kutibu baadhi ya matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo bila kulifungua fuvu. Madaktari wake pia wamewahi kufanya kambi za upasuaji wa watoto wenye vichwa vikubwa katika hospitali za mikoani.

Hatua iliyowasogezea wananchi huduma ya picha ni ununuzi wa mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, uliofanyika kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, ambao Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua jijini Dodoma Oktoba 2021. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wa mikoani walilazimika kusafiri hadi hospitali za kanda au Dar es Salaam ili kupata picha hiyo. Picha inayopigwa kidijitali katika hospitali ya mkoa huweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali na kuunganishwa kuwa ya vipimo vitatu mgonjwa akiwa bado njiani.

Kutoka Salale hadi chumba cha upasuaji

Kwa mkazi wa vijiji vya visiwani, safari huanza kwa boti hadi Nyamisati, kisha barabara ya Nyamisati hadi Bungu, ambako huiunga barabara kuu ya Kibiti hadi Dar es Salaam. Katika safari hiyo, maji kupwa, mvua na nauli huweza kuongeza saa au siku. Kutokana na hali hiyo, hatua zinazofanyika kijijini ndizo huamua mara nyingi kama bingwa atampokea mgonjwa akiwa bado anaweza kusaidika.

Hatua ya kwanza ni kupima mzingo wa kichwa cha mtoto kwa utepe kila anapohudhuria kliniki. Mtoto anayezaliwa kwa wakati huwa na mzingo wa takribani sentimita 35. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi uliovimba, mishipa iliyojitokeza kichwani, macho yanayotazama chini muda wote, kutapika mara kwa mara na kulia kusikoisha ni dalili zinazohitaji rufaa bila kusubiri. Mtoto aliyewekewa mpira akipata homa, kutapika au usingizi mzito arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni kinga. Katika utafiti wa Mbale wa mwaka 2005 uliohusu watoto 300, takribani asilimia 60 walipata maji kichwani kutokana na maambukizi, mengi yakiwa yametokea katika mwezi wa kwanza wa maisha. Homa ya mtoto mchanga, kitovu chenye usaha au kushindwa kunyonya ni dharura. Vilevile upungufu wa asidi ya foliki huongeza hatari ya mgongo wazi, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza tangu kutungwa kwa mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kanuni za mwaka 2011 zilielekeza unga wa ngano na wa mahindi unaozalishwa viwandani uongezewe virutubishi hivyo, lakini kaya za delta zinazokula zaidi wali wa mpunga wao hazinufaiki sana na unga huo. Mwanamke anayepanga kupata mtoto anashauriwa kuomba vidonge vya asidi ya foliki katika kituo cha afya kabla ya kushika mimba.

Hatua ya tatu inahusu majeruhi. Mtu aliyeanguka kutoka mnazini au kupata ajali ya pikipiki, kisha akapoteza fahamu, kutapika, kulalamika kuumwa kichwa kunakozidi au kusinzia kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitalini hata kama alizinduka na kuzungumza. Damu inayovuja polepole ndani ya fuvu huweza kumpa majeruhi saa kadhaa za nafuu kabla hali haijabadilika ghafla. Abebwe akiwa amelazwa, shingo ikiwa imenyooshwa na kushikiliwa isigeuke.

Mwananchi mwenye swali anaweza kupiga bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya, au kuonana na mtoa huduma ya afya ngazi ya jamii katika kijiji chake. Anapopewa rufaa, ahakikishe anabeba kadi ya kliniki, barua ya rufaa na picha zote alizokwisha kupigwa, zikiwamo zilizo kwenye diski. Vipande vilivyopigwa Kibaha vyaweza kumpa bingwa aliyeko Dar es Salaam picha ya vipimo vitatu anayoihitaji, na kumwepusha mgonjwa kurudia kipimo, gharama na mionzi yake.